Kuchanganya Rangi za Akriliki Zifanane na za Ndege za Vita: Mwongozo Kamili kwa Waunda Modeli wa Mombasa

Katika kuunda modeli ya ndege, plastiki haimsumbui mtu sana. Vipande vina namba, gundi inashika, na karatasi ya maelekezo inakuongoza hadi mwisho. Rangi ndiyo inayowashinda wengi. Karatasi inakuambia upake Extra Dark Sea Grey ya kampuni fulani, nawe uko Majengo. Chupa hiyo ni shida kuipata mjini, na ukiiagiza ng'ambo gharama ya kuisafirisha inaweza kuzidi bei ya rangi yenyewe. Basi mtu anapaka kijivu chochote kilicho karibu, na kila akiitazama ndege yake kwenye rafu moyo haumtulii.

Dawa yake ni kuchanganya mwenyewe. Rangi saba tu za akriliki za wachoraji, zile za tyubu zinazouzwa pamoja na madaftari na kalamu za rangi, zinatosha kukupa karibu kila rangi ya ndege za Uingereza za Vita vya Pili, na nyingi za Marekani na Ujerumani. Nitakaa zaidi kwenye za Uingereza kwa sababu ndizo zilizoruka juu ya vichwa vya babu zetu.

Rangi halisi ni ipi?

Aprili 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee, kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi lilihamishia makao yake Kilindini. Manowari za kubeba ndege, Illustrious, Formidable na Indomitable, zote zilihudumu katika bahari hii mwaka huo, na uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Uwanja wa Ndege wa Moi, ukawa mahali pa kushukia ndege za wanamaji. Tarehe 5 Mei, Illustrious na Indomitable zilishiriki shambulizi la Diego Suarez huko Madagaska, zikiwa na Swordfish, Albacore, Martlet, Fulmar na Sea Hurricane. Kipevu nako kulikuwa na ndege za majini aina ya Catalina za RAF, jeshi la anga la Uingereza. Mtu wa Mombasa akitaka kujaza rafu kwa ndege za nyumbani, orodha anayo.

Nyingi katika hizo za manowari zilipakwa kwa mpangilio mmoja: juu Extra Dark Sea Grey na Dark Slate Grey kwa mabaka makubwa, chini Sky. Lakini usidhani kila ndege ilitoka kwenye pipa moja la rangi. Martlet ilitengenezwa Marekani na kupakwa rangi za viwanda vya huko zilizokusudiwa kukaribia za Uingereza. Swordfish sehemu kubwa ya mwili wake ni kitambaa, na rangi juu ya kitambaa haitulii kama juu ya bati. Mwaka 1940 Sky ilipoadimika, vituo vya RAF vilijichanganyia vyenyewe kwa kubahatisha, ndiyo maana matumbo ya ndege za wakati ule yana rangi za kila namna. Na Agosti 1941, RAF ilipobadilisha rangi za ndege zake za kupigana mchana, rangi mpya ya Ocean Grey ilikuwa bado haitoshi, hivyo mafundi wakaelekezwa wachanganye Medium Sea Grey sehemu 7 na nyeusi sehemu 1. Yaani hata vitani fundi alisimama na ndoo na kijiti akikoroga, kama utakavyofanya wewe.

Ongeza jua na chumvi ya bahari. Ndege iliyokaa miezi mitatu juu ya manowari haikubaki na rangi iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo lengo letu ni kupata rangi ambayo mjuzi akiitazama ataitambua bila kuambiwa. Anayedai kwamba chupa yake ndiyo yenye Sky ya kweli na nyingine zote ni uongo, mwache na chupa yake.

Rangi saba na vifaa vyake

Usinunue kwa jina la mbele ya tyubu peke yake. Geuza nyuma usome kodi (code) ndogo ya herufi na namba, kwa sababu hiyo ndiyo inayosema ndani mna nini. Unazotaka ni hizi:

Nyeupe ya titaniamu, PW6. Usichukue ya zinki, PW4, kwani haifuniki vizuri.
Nyeusi, PBk7, PBk9 au PBk11.
Njano ya udongo, kwenye tyubu Yellow Ochre, PY42 au PY43. Hii itaisha kabla ya zote isipokuwa nyeupe.
Kahawia ya kuchomwa, Burnt Umber, PBr7.
Buluu ya Ultramarine, PB29.
Kijani cha Phthalo, PG7.
Nyekundu ya kutu, PR101.

Tyubu yenye kodi moja huchanganyika kwa usafi. Yenye kodi tatu ni mchanganyiko tayari, na ukiichanganya na mchanganyiko mwingine unapata tope. Tyubu za bei ya chini za wanafunzi pengine hazina kodi kabisa. Hizo zijaribu kwanza: tia tone moja kwenye nyeupe matone kumi uone inakupa nini. Kahawia za bei rahisi aghalabu zina wekundu mwingi, na ni heri ulijue hilo kabla ya kuanza Dark Earth, ile kahawia ya ndege.

Kama una chupa za modeli pia, usizichanganye ovyo. Tamiya ina spiriti ndani yake, Vallejo ni ya maji. Ukizitia pamoja, au ukiiyeyusha Vallejo kwa spiriti, rangi inaganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

Vifaa vingine ni vya kawaida: sirinji za famasi bila sindano, vijiti vya meno, sahani nyeupe ya kauri, vifuniko vyeupe vya plastiki vya kukatia vipande vya majaribio, na chupa ndogo za kioo. Zile za atri na manukato zinafaa sana ukiziosha vizuri, kwa sababu vifuniko vyake vinabana. Ukiweza, pata mizani ndogo ya dijitali kama ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Tone hubadilika kulingana na rangi inavyomiminika na mkono wako, lakini gramu ni gramu, na mchanganyiko wa leo utaurudia mwakani bila kukisia.

Kisha andaa chupa za rangi kali zilizopunguzwa. Nyeusi, buluu, nyekundu na hasa kijani cha Phthalo zina nguvu kupita kiasi kwa modeli ndogo. Tone moja la kijani hicho linaweza kuharibu chupa nzima ya Sky. Chukua sehemu 1 ya rangi, uitie kwenye sehemu 9 za midiamu angavu ya akriliki (kimiminika cha akriliki kisicho na rangi), koroga, andika juu ya chupa. Sasa tone moja ni sehemu ya kumi ya nguvu yake, na unaweza kusogea polepole. Usipunguze kwa maji matupu, kwani yanailegeza gundi iliyomo ndani ya rangi na ikikauka itachubuka.

Mwanga wa kuchanganyia

Miongozo mingi ya Ulaya husema ukae karibu na dirisha linaloelekea kaskazini, maana kwao jua haliingii upande huo. Kwetu ushauri huo haufai kitu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Dirisha la kaskazini lililo poa wakati wa kaskazi, wakati wa kusi linaingiza jua hadi mezani.

Tafuta kivuli cha wazi, kama baraza inayoona mbingu bila kupigwa na jua, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Epuka jua la alasiri, kwani umanjano wake utakufanya uongeze buluu isiyohitajika. Tazama na kilichokuzunguka. Mwarobaini mbele ya baraza unatupa ukijani kwenye sahani, na ukuta wa waridi unatupa wekundu. Vaa shati jeupe au la kijivu.

Anayechanganya usiku anunue balbu iliyoandikwa 6500K au 5000K, na kama pakiti inaonyesha CRI (kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhakika) achague ya 90 kwenda juu. La muhimu ni kwamba uanze na umalize chini ya mwanga uleule, halafu uhakikishe chini ya mwanga wa pili. Kuna michanganyiko inayofanana kabisa na kielelezo mchana na kuachana nacho usiku, kwa sababu imeundwa kwa rangi tofauti na zile za kielelezo. Ukiona hivyo, badilisha kiungo kimoja. Mara nyingi kutumia njano ya udongo na nyeusi kupata kijani, badala ya kijani cha tyubu, kunaondoa tatizo.

Kielelezo cha kufuata

Huwezi kulinganisha na kumbukumbu. Unahitaji kitu kilichopakwa, mkononi mwako. Kielelezo bora ni kadi za rangi za viwango rasmi. Kiwango cha Uingereza cha BS 381C kina Sky kwa namba 210, Dark Earth 450, Medium Sea Grey 637, Extra Dark Sea Grey 640 na Dark Green 641. Cha Marekani, FS 595, kilianza kutolewa mwaka 1956, yaani baada ya vita, kwa hiyo namba zake kwenye maelekezo ya modeli ni za makadirio. Tarakimu ya kwanza ya FS haihusu rangi yenyewe. 1 ni ya kung'aa, 2 ni ya kati na 3 ni isiyong'aa, hivyo 16270 na 36270 ni kijivu kimoja.

Kama huna kadi, mwombe mwenzako mwenye chupa ya rangi ya modeli akupakie kipande cha plastiki kimoja. Tone mbili zinatosha. Andika nyuma jina na kampuni, kikae kwenye bahasha mbali na jua. Kipande hicho ni mali kuliko chupa yenyewe.

Skrini ya simu si kielelezo. Kila simu ina rangi zake, na hiyohiyo ya kwako inabadilika jioni inapowasha hali ya usiku. Picha za zamani za rangi nazo zimegeuka kwa umri. Picha nyeusi na nyeupe zinafaa kukuonyesha mabaka yalipita wapi na rangi ipi ilikuwa nzito, yaani ya giza, kuliko ipi, ila kuna mtego. Filamu za aina ya othokromatiki hazikuona nyekundu, na njano pia ziliifanya nzito. Ile duara ya njano iliyozunguka alama ya RAF inaweza kuonekana nyeusi kabisa kwenye picha kama hizo.

Kuchanganya: tuifuate Dark Slate Grey hatua kwa hatua

Nimeichagua hii kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Jina linasema kijivu, lakini ni kijani kilichofifia chenye ujivu ndani yake.

Weka kielelezo kando ya sahani. Mimina nyeupe sehemu 4, kisha nyeusi sehemu 2, kidogo kidogo. Daima giza liingie kwenye weupe. Ukienda kinyume, utamaliza chupa ya nyeupe ukijaribu kuipandisha nyeusi. Koroga hadi mistari yote iishe. Sasa una kijivu baridi kinachoelekea ubuluu.

Kabla ya kugusa kitu kingine, pima uzito wa rangi, yaani weupe na giza lake. Fumba macho nusu uangalie kielelezo na mchanganyiko kwa pamoja, kile kilicho kizito kitajitokeza. Au vipige picha pamoja kwa simu kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kisipokuwa sawa, rekebisha hapa kwanza. Watu wengi huanza na kutafuta ukijani huku giza halijakaa, wanazunguka usiku kucha.

Uzito ukishakaribia, tia njano ya udongo sehemu 1. Utaona kijivu kinageuka kijani mbele ya macho yako, bila tone la kijani. Nyeusi za kaboni zina ubuluu ndani yake, na njano inapoingia ubuluu huo unageuka kuwa majani. Koroga, ongeza nusu sehemu, angalia tena. Ukifika sehemu 2 rangi inaanza kuelekea zeituni. Sasa linganisha: je, kielelezo ni cha kijani zaidi, au cha maji ya kunde zaidi? Kikiwa cha kijani, tone moja la ile chupa iliyopunguzwa ya PG7. Kikiwa cha kahawia, chovya ncha ya kijiti kwenye Burnt Umber.

Mwisho kabisa ndio ukali wa rangi. Ikipiga kelele kuliko kielelezo, ipoze kwa rangi inayopingana nayo: kijani hupozwa kwa tone la nyekundu ya kutu iliyopunguzwa, kahawia iliyozidi wekundu hupozwa kwa tone la kijani, na iliyozidi rangi ya chungwa kwa tone la buluu. Usipoze kwa nyeusi kila mara, utaharibu uzito ulioupata kwa taabu.

Kisha jaribio la kweli. Akriliki ikiwa mbichi ina gundi nyeupe kama maziwa ndani yake, na ikikauka gundi hiyo huwa angavu. Kwa hiyo rangi iliyokauka huwa nzito kuliko ulivyoiona kwenye sahani. Usilinganishe kamwe mbichi na kavu. Paka kipande cha plastiki koti mbili, kikaushe kwa draya ya nywele, uache kipoe, ndipo ukiegemeze kwenye kielelezo ukingo kwa ukingo. Toboa shimo kwenye kadi ya kijivu na uvitazame vyote viwili kupitia hapo, ili jicho lisivurugwe na rangi za pembeni. Ukingo ukipotea, umefika. Ukionekana, andika kilichokosekana na urudi kwenye sahani.

Andika kila tone unapolitia, si baadaye. Nyuma ya kila kipande weka mapishi yake. Baada ya ndege chache utakuwa na maktaba ambayo haiuzwi dukani.

Mahali pa kuanzia rangi nyingine

Hivi ni vianzio tu. Tyubu zako si zangu, na nguvu ya rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Hesabu ni ya sehemu za rangi isiyopunguzwa, ila pale ninapotaja tone, ni la chupa iliyopunguzwa.

Extra Dark Sea Grey: nyeupe 4, nyeusi 2, buluu 1. Iwe na ubaridi wa bahari, isiwe buluu. Ikizidi ubuluu, njano ya udongo kidogo sana inaituliza.

Sky: nyeupe 20, njano ya udongo 2, kisha kijani tone kwa tone, na nyeusi tone moja au mawili. Hapa ndipo subira inapohitajika. Sky si samawati, wala si kijani cha peremende. Ni weupe uliochafuka kwa ukijani na umanjano kidogo. Wengi huikosea kwa kuipa ubuluu kwa sababu ya jina lake.

Dark Earth: njano ya udongo 4, kahawia 3, nyeupe 2. Kahawia yako ikiwa na wekundu, tone moja la kijani. Hii na Dark Green ndizo zilizokuwa juu ya Hurricane na Spitfire mwanzoni mwa vita.

Dark Green: njano ya udongo 4, nyeusi 2, nyeupe 1, kijani matone machache. Hailingani na kijani cha majani mabichi, isogeze kwenye zeituni.

Medium Sea Grey: nyeupe 10, nyeusi 1, buluu matone mawili matatu. Ukiipata hii, chota sehemu 7 uitie nyeusi sehemu 1, halafu uone mafundi wa 1941 walipata nini. Nyeusi ya tyubu za leo ni kali, kwa hiyo itie polepole ukiangalia. Ocean Grey yenyewe anza na nyeupe 6, nyeusi 2, buluu nusu.

Olive Drab ya Marekani ndiyo rahisi kuliko zote, kwani msingi wake ni nyeusi na njano ya udongo tu: njano 4, nyeusi 2, halafu kahawia kidogo. Kwa ndege iliyokaa juani ongeza kahawia na nyeupe, maana rangi hii ilipauka kuelekea udongo.

Za jangwani ni nyepesi kupata. Middle Stone ni njano ya udongo na nyeupe pamoja na ncha ya kahawia, na Azure Blue ni buluu ya Ultramarine kwenye nyeupe. Za Ujerumani, zile RLM 74, 75 na 76 (RLM ni wizara ya anga ya Ujerumani ya wakati ule), ni ndugu wa vijivu tulivyovipitia: 74 ni ya kijani, 75 ina uzambarau kwa mbali (buluu na tone la nyekundu ya kutu), 76 ni nyeupe yenye ubuluu uliofifia.

Jambo moja kwa wenye Swordfish. Katika mpangilio wa awali wa ndege zenye mabawa mawili mawili, sehemu ya juu ya bawa la chini ilipakwa vivuli vyepesi zaidi, Dark Sea Grey na Light Slate Grey, ili kufidia kivuli cha bawa la juu. Tafuta picha ya ndege unayoiunda kabla ya kuamua.

Kupunguza uzito kwa ajili ya udogo

Kijana mmoja wa mtaani aliichukua modeli ya Martlet mkononi, akaigeuza, akauliza: "Ami, mbona iko nyeusi hivi, na kwenye kadi ni kijivu?" Rangi ilikuwa sawasawa na kadi. Tatizo ni kwamba ndege ya kweli unaiona kutoka mbali, na hewa iliyo katikati inaipausha. Modeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, ukiipaka rangi kamili ya kadi, inaonekana nzito kuliko inavyopaswa.

Wengi hutumia kanuni ya kuongeza nyeupe karibu asilimia 15 kwa 1/72, 10 kwa 1/48, na 7 kwa 1/32. Mimi naichukua kama mwanzo tu. Nyeupe tupu hutia ubaridi na kufanya kijani na kahawia zionekane kama zimepakwa chaki, kwa hiyo kwa rangi hizo changanya nyeupe na njano ya udongo kidogo kwanza, ndipo utumie hiyo kupunguzia. Kwa Sky na vijivu vyepesi, nusu ya kiasi hicho yatosha.

Linganisha kwanza na kielelezo hadi ufike, kisha ndipo upunguze. Na usipunguze chupa nzima, tenga sehemu. Utahitaji ile nzito kwa kuweka tofauti kati ya paneli, na ile nyepesi kwa mgongo na juu ya mabawa ambako jua lilipiga.

Kuipandisha kwenye ndege

Osha plastiki kwa maji na sabuni ya vyombo, ikauke kabisa. Akriliki ya wachoraji haishiki plastiki tupu, hivyo praima (rangi ya msingi) ya kijivu ni lazima. Makopo ya kupuliza ya praima ya magari yanafaa, ila thina yake inaweza kuila plastiki ukimwaga nyingi. Jaribu kwenye fremu zilizobaki, kisha pita kwa vumbi jembamba, mara kadhaa. Praima isiwe nyeusi chini ya Sky.

Anayetumia brashi ya mkono apunguze kwa midiamu na maji kidogo, apake koti nyembamba mbili au tatu zikikauka kati yake, kila koti ikivuka ile ya kabla. Zima feni ya dari, kwani inakausha ncha ya brashi kabla haijafika kwenye bawa.

Anayetumia brashi ya hewa apunguze hadi iwe kama maziwa mabichi, kwa midiamu ya kupulizia, na achuje kupitia kipande cha soksi nyembamba ya nailoni. Chembe za rangi za wachoraji ni kubwa kuliko za modeli na huziba mdomo. Msukumo wa psi 15 hadi 20 unatosha. Ubaya wa pwani ni unyevu. Kompresa inavuta hewa yenye maji tele, na bila kichujio cha maji kwenye mpira utapata matone juu ya bawa, hasa wakati wa masika. Mwaga maji ya kichujio kila unapopumzika. Vaa barakoa ya kupulizia rangi, fungua madirisha, na usipulize kabisa rangi yenye cadmium, ambayo ni sumu.

Joto nalo litakausha rangi kwenye ncha ya sindano. Tia dawa ya kuchelewesha ukavu, tone mbili tatu kwa kikombe. Glisarini ya famasi hufanya kazi hiyo pia, lakini ikizidi rangi itabaki inanata siku nyingi, na kwa unyevu wetu inaweza isikauke kabisa.

Acha usiku mzima kati ya rangi na rangi kabla ya kubandika tepu ya kufunikia. Tepu ya madukani ibandike kwanza kwenye kioo au mkono ipungue nguvu.

Vanishi na stika

Vanishi inayong'aa huzidisha uzito wa rangi, isiyong'aa huipausha. Kwa hiyo kile kipande cha majaribio nacho kipakwe vanishi ya mwisho kabla hujaamua kwamba rangi imefika. Utaratibu ni kung'arisha kwanza ili stika zilale bila kuacha rangi ya fedha pembeni, kisha stika, kisha isiyong'aa. Vanishi isiyong'aa ikipulizwa siku ya mvua kubwa inaweza kuganda nyeupe. Ngoja siku kavu.

Kuhifadhi kilichobaki

Changanya kila mara zaidi ya unavyodhani unahitaji, kwa sababu koti ya marekebisho itakuja tu. Jaza chupa hadi karibu na mfuniko ili hewa iwe kidogo, tia tone la maji juu, funga, na uiweke kivulini, wala si juu ya kabati lililo chini ya bati. Tia ndani shanga mbili za kioo za kukorogea. Shanga za chuma zitashika kutu na kuigeuza Sky yako kuwa hudhurungi. Juu ya mfuniko andika jina, mapishi, kampuni ya kila tyubu na kipimo cha modeli. Ukifungua baada ya miezi ukakuta harufu ya kuoza, mwaga. Ikiwa imeganda ngozi juu tu, itoe kwa kijiti, chuja, paka kipande kipya na ukiegemeze kwenye cha zamani kabla ya kugusa ndege.